Kaka zangu wanataka baba atie kidole kwenye hati kabla hajafa

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 43, mzaliwa wa Kaloleni, kaunti ya Kilifi. Napika katika shule moja huku Mtwapa na ninaishi na wanangu wawili katika chumba kimoja cha kukodi. Nakuandikia juu ya baba yangu.

Baba ana miaka 81. Kazi yake ilikuwa ugema, na shamba lake lote ni minazi, mikorosho na mahindi ya kula. Mwaka jana alishikwa na kiharusi. Anatembea kwa mkongojo, mkono wa kulia umelegea, na kuna siku ananiita kwa jina la shangazi yangu aliyekwisha kufariki. Siku nyingine akili yake iko sawa kabisa, atakutajia kila mnazi na mwaka alioupanda.

Mama yangu alifariki zamani. Alituacha wanne: kaka wawili, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyeolewa Malindi. Mama mdogo, mke wa pili wa baba, ana watoto watatu na wa mwisho bado yuko sekondari. Yeye ndiye anayemwosha baba, anamvalisha na kumpa dawa za presha. Ana miaka 62 na magoti yamechoka. Aliolewa kwa mahari ya kwetu, cheti cha ndoa hana.

Shamba ni ekari 12 na hati ina jina la baba, lakini kaka mkubwa ndiye anayeiweka, eti mzee asije akaipoteza. Kaka huyu zamani alikatiwa ekari mbili nyingine, akaziuza akanunua bodaboda, na biashara ikafa. Sasa yeye na kaka wa pili wanataka baba awaandikie shamba, ekari sita kila mmoja, akiwa bado hai. Wanasema watamtunza, na kwamba kungoja mpaka afe ni kuwatajirisha mawakili. Kaka wa pili alisilimu alipooa Mombasa, naye anasema hata tukienda kortini mimi na mdogo wangu tutapata nusu ya mwanamume, tena tumeolewa, kwa hiyo tusijisumbue. Wameshatengeneza karatasi ya uwakili ili kaka mkubwa amtilie baba sahihi mahali popote. Baba bado hajaiwekea kidole.

Miaka mitatu iliyopita baba alisema mbele ya wazee kwamba kila nyumba ipate upande wake. Wawili kati ya wale wazee wameshafariki.

Kuna pia pesa za Inua Jamii, zile serikali huwapa wazee kila mwezi. Baba aliandikishwa, lakini kaka mkubwa ndiye msaidizi wake, na baba anasema kwa muda mrefu hajaona hata shilingi. Nikimuuliza kaka, anasema serikali haijatoa. Mke wa kaka naye juzi alisema mbele ya watoto kwamba mzee halali usiku na kwamba yule mtoto wa jirani aliyefariki hakufa bure. Mimi hutuma KSh 5,000 au 6,000 kila mwezi na sijui zinafika wapi.

Naomba unieleze: tukubali shamba liandikwe sasa? Pesa za mzee tuzifuatie vipi? Na je, nimchukue baba nikae naye Mtwapa? Yeye hataki kusikia habari ya kuondoka.

Binti wa Kaloleni

*

Marahaba mwanangu.

Umeuliza mambo matatu, lakini nitaanza na ambalo hukuuliza. Yale maneno ya mke wa kaka yako umeyapachika kati ya pesa za Inua Jamii na pesa unazotuma, kama umbeya wa kisimani. Kilifi sote twajua mzee mwenye mvi na shamba akianza kutajwa kwa uchawi mambo huishia wapi. Wako waliokatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao. Wako waliokimbilia Kaya Godoma kule Ganze, mahali palipotengwa kuwahifadhi wazee waliotuhumiwa, wakaacha mashamba yao nyuma. Na mara nyingi ukiuchimba ule uchawi, chini yake utakuta ardhi.

Kwa hiyo kabla ya wakili na kabla ya Inua Jamii, wewe na mama mdogo nendeni kwa naibu chifu wiki hii. Mwelezeni nani alisema nini, mbele ya nani. Kisha mpite kituo cha polisi muandikishe, na msiondoke bila nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Kumwita mtu mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, sheria ya tangu mwaka 1925 ambayo bado inatumika. Utaambiwa unachochea ugomvi wa nyumbani. Waache waseme. Mtu akijua jina lake limo katika kitabu cha polisi, ulimi wake hupata breki. Usiku baba asilale peke yake, kijana mmoja wa mama mdogo alale naye chumba kimoja.

Sisemi kaka zako wana nia ya kuua, siwajui. Lakini si vibaya naibu chifu akaitaja hii mbele ya familia nzima, kwa sauti ya kawaida tu: Sheria ya Urithi ya Kenya inasema aliyemuua mtu hapati fungu lolote katika mali ya huyo marehemu.

Sasa shamba. Jibu langu ni hapana, lisiandikwe majina ya kaka zako wakati baba yuko hai. Sikatai kwa sababu nawaona wabaya. Hata wangekuwa malaika ningekataa. Hati ikishabadilishwa, baba anakuwa mgeni katika shamba alilolipanda mwenyewe. Kaka akikopa benki kwa ekari zake sita akashindwa kulipa, mnada hautauliza nani amelala ndani ya nyumba. Kaka akifariki kabla ya baba, shamba litaingia katika mirathi ya kaka, na baba na mama mdogo watakuwa wanasubiri huruma ya wajane na wajukuu. Na baba akitaka kurudisha alichotoa, itabidi athibitishe mahakamani kwamba alidanganywa au hati ilipatikana kwa njia mbovu. Mzee wa miaka 81, mwenye mkongojo, akipanda matatu kwenda kuhudhuria kesi ya ardhi inayoahirishwa kila mara! Tena huyu mkubwa tumeshamwona na ekari mbili.

Habari njema ni kwamba hawawezi kulibadilisha shamba kwa kuwa na karatasi ya hati tu. Ardhi ya kilimo haihamishwi bila kibali cha bodi ya ardhi, ambayo mwenyekiti wake ni naibu kamishna wa kaunti. Pia sheria ya mali ya ndoa inalinda haki ya mke. Kwa hiyo mama mdogo aandike barua mapema kwa bodi hiyo, kwamba yeye ni mke, anaishi kwenye shamba hilo, na hajaridhia uhamisho wowote. Nakala abaki nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Akiweza, aende pia ofisi ya ardhi aombe kuweka zuio, lile watu huita kaushen. Na mkiwa huko fanyeni searchi. Hati aliyoshika kaka yako ni karatasi, chenye nguvu ni kile kilichoandikwa katika daftari la msajili. Mhakikishe shamba bado ni la baba, halina deni, na jina lililoko huko linafanana na la kitambulisho. Wazee wetu wengi jina la hati limeandikwa hivi na la kitambulisho vile, na herufi moja tu inaweza kuwapeleka watoto kiapo baada ya kiapo. Kama halifanani, lirekebishwe baba akiwa hai na anaweza kusema mwenyewe, huyu ni mimi.

Ile karatasi ya uwakili msiiguse. Ikiwa ya jumla, anayeshika anaweza kuuza, kukopea na kutia sahihi kwa niaba ya baba. Tena haifanyi hata ile kazi wanayoisifia: uwakili wa namna hiyo hukoma akili ya mwenyewe ikipotea, na hukoma kabisa akifariki. Siku baba atakapokuwa hawezi kuamua lolote, wa kusimamia mali yake atateuliwa na mahakama chini ya Sheria ya Afya ya Akili. Kama kuna shida ndogo ya benki au hospitali, iandikwe hati ya jambo hilo moja na anayemtunza ndiye apewe.

Kinachotakiwa hapa ni wosia. Wosia haumpi mtu yeyote kitu leo. Baba anabaki mwenye shamba mpaka siku yake, anaweza kuubadilisha akikasirika na kuurudisha akipoa, na hakuna mtu anayeweza kuupeleka benki.

Najua utaniambia alishausia mbele ya wazee. Pole, mwanangu. Sheria inaukubali wosia wa mdomo ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini msemaji awe amefariki ndani ya miezi mitatu tangu aliposema. Baba amevuka miezi hiyo mara nyingi, Mungu amzidishie. Maneno yale yana uzito wa heshima na yanaweza kusaidia kuonyesha nia yake, lakini si wosia tena. Hata kama wale wazee wawili wangekuwa hai, mahakama ingewashukuru tu kwa kuja.

Basi uandikwe. Baba hahitaji mkono wa kulia wala kujua kusoma, sheria inakubali alama, na kidole gumba cha kushoto kinatosha. Wawepo mashahidi wawili wazima ambao hawamo katika urithi. Wewe usiwe shahidi, mama mdogo asiwe shahidi, mumeo wala mume wa mdogo wako wasiwe. Makarani wawili wa ofisi ya wakili wanatosha. Kwa kuwa baba hasomi, asomewe maneno yote kwa Kigiriama au lugha yoyote anayoisikia vizuri, na iandikwe ndani ya wosia kwamba alisomewa na akakubali. Na wewe, ingawa ndiye utakayemleta, kaa nje ya mlango. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu wosia mzuri mwingi huangushwa na swali moja la wakili wa upande wa pili: nani alikuwa chumbani?

Kuhusu akili yake, usikate tamaa kwa sababu anakuita kwa jina la shangazi. Sheria inaanza kwa kudhani aliyeandika wosia ana akili timamu, na anayesema hana ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Lakini msiwape watu nafasi. Chagueni siku aliyoamka vizuri, asubuhi, na kabla ya kwenda kwa wakili mpitishe kwa daktari anayemtibu kiharusi, ampime na aandike barua ya tarehe hiyo hiyo kwamba mzee anajua mali yake, watoto wake na anachokifanya. Mtu anayekumbuka kila mnazi na mwaka wake atapita mtihani huo. Ila msingoje. Kiharusi cha pili hakipigi hodi.

Aandike nini ndani? Hilo ni lake, lakini mambo mawili ningemkumbusha. La kwanza ni mama mdogo. Itajwe waziwazi kwamba atakaa katika ile nyumba na kula mazao ya sehemu fulani ya shamba mpaka mwisho wa maisha yake, hata kama ardhi yenyewe imeandikiwa mtoto. Na minazi itajwe. Sisi wa Pwani twajua kwamba shamba laweza kuwa la huyu na mnazi ukawa wa yule, lakini hati ya serikali haitambui utaratibu huo. Mwenye ardhi huhesabiwa kuwa mwenye miti. Kama baba anataka nazi zimlishe mkewe, aandike nani ataangua, upande upi. La pili, asimwache mtoto yeyote nje, hata huyo aliyeuza ekari mbili. Mtoto au mke aliyeachwa bila kitu anaweza kwenda mahakamani kuomba apewe fungu la kufaa, na wosia uliotakiwa kumaliza kesi ukawa ndio wa kuianzisha.

Pengine kaka zako wanaogopa wosia kwa sababu wanadhani bila wosia shamba lote litawaangukia wao kwa mila. Wapigie hesabu. Familia ya wake wengi isiyo na wosia hugawanywa kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai huhesabiwa kama mmoja zaidi katika nyumba yake. Nyumba ya mama yako ni wanne. Nyumba ya pili ni watoto watatu na mama yao, wanne pia. Ekari 12 kwa watu wanane ni ekari moja na nusu kila mmoja. Na huyu mkubwa, zile ekari mbili alizopewa zinaweza kuhesabiwa katika fungu lake, kwa sababu sheria inaangalia kilichotolewa wakati wa uhai. Akipiga hesabu vizuri ataona hana anachodai. Nadhani wakili wao ameshawaambia, ndiyo maana haraka imekuwa kubwa hivi.

Wewe na mdogo wako kuolewa hakupunguzi kitu, mtoto ni mtoto. Wakileta hoja ya mila, ni kweli kwamba kuna wilaya ambazo ardhi yake ya kilimo na mifugo iliachiwa mila pale pasipokuwa na wosia, na majirani zetu Tana River na Lamu wamo. Kilifi haimo. Na huyu aliyesilimu, Mungu amkubalie dini yake, ajue kwamba mgawanyo wa Kiislamu hufuata dini ya marehemu, si ya mrithi. Mali ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu na Kadhi anaweza kuisikiliza. Hukuniambia baba anasali wapi. Nimechukulia kwamba si Mwislamu. Kama ni Mwislamu, niandikie upya, kwa sababu hapo wosia hauvuki thuluthi moja ya mali na hauongezi fungu la mrithi mpaka warithi wenzake waridhie.

Mama mdogo asitishwe na habari ya cheti. Kwa mambo ya urithi, mke aliyeolewa kimila anatambuliwa hata katika ndoa ya wake wengi. Lakini mashahidi wa mahari wanakufa kama wale wazee walivyokufa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe, na yeye na baba bado wanaweza kwenda. Kama safari hiyo ni ngumu, aanze na kiapo mbele ya wakili, na barua ya chifu inayomtaja kama mke. Ningeifanya kazi hii siku ile ile ya wosia, mzee akiwa ameshatoka nyumbani.

Wakili anagharimu pesa, najua mshahara wa jikoni ulivyo. Shirika la Kituo cha Sheria na FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa, na huwasaidia watu wasio na uwezo. Waeleze kwanza habari ya uchawi, halafu ya shamba.

Tuje kwa Inua Jamii. Ni KSh 2,000 kwa mwezi, kwa waliofika miaka 70 wasiopokea pensheni ya serikali. Ni kweli serikali huchelewesha, na ikitoa mara nyingi huwa ni ya miezi kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo kaka yako huenda asiwe mwongo kila mara. Lakini hakuna haja ya kubishana naye. Mpeleke baba, au kama hawezi, mama mdogo abebe kitambulisho cha baba, kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Naibu chifu atawaelekeza. Waulize mambo haya tu: jina lake bado limo? Alihakikiwa kuwa yu hai katika zoezi la mwisho? Malipo ya mwisho yalitoka lini, na yaliingia wapi? Kama ni benki, mtaomba taarifa ya akaunti. Kama ni simu, mtaangalia laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Laini iliyo kwa jina la kaka si laini ya baba, hata kama simu inalala chini ya mto wa baba.

Msaidizi si mrithi wala si mwajiri wa mzee. Ni mtu aliyetajwa kuchukua pesa kwa niaba yake, na baba ana haki ya kumbadilisha. Amtaje mama mdogo. Kama vidole vyake havisomeki kwenye mashine, jambo la kawaida kwa mtu aliyepanda minazi maisha yake yote, wamweleze ofisa hapo hapo ili wasirudishwe nyumbani kila malipo yanapotoka.

Pesa hizo hazitamtunza mzee peke yake. Kwa hiyo pesa zako nazo zielekezwe: mtumie mama mdogo moja kwa moja, asipokee mtu wa kati, na kila mmoja wenu awe na daftari. Kiasi, tarehe, imetumika kwa nini. Si kwa sababu utadai urithi zaidi siku moja. Ni kwa sababu kaka zako wamesema watamtunza, nawe unaweza kuwaonyesha ukurasa mtupu wenye majina yao.

Upande wa matibabu, bima ya NHIF iliondoka na ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikaingia Oktoba 2024. Baba hawezi kuingizwa chini ya jina lako kama mtoto wako anavyoingia. Yeye na mama mdogo ni nyumba yao wenyewe. Wajisajili, kwa *147# au kwa kusaidiwa na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, wapimwe uwezo, na mchango wa chini ni KSh 300 kwa mwezi, unaolipwa kwa mwaka mzima, yaani KSh 3,600. Ningeomba nyinyi wasichana wawili mgawane hiyo. Mkiwa kwa naibu chifu ulizeni pia kama wanaweza kuwekwa katika orodha ya wasiojiweza wanaolipiwa na serikali. Zahanati na kituo cha afya havitakiwi kumtoza mtu aliyesajiliwa, kwa hiyo presha ipimwe huko na isingojwe mpaka imlaze hospitali. Na yule mhudumu wa jamii ana mashine ya presha kwenye mkoba wake. Apite nyumbani kila mara. Ni macho ya ziada pia, ya mtu asiyekuwa wa familia, na baada ya yale maneno ya mke wa kaka, macho hayo nayataka sana.

Sasa Mtwapa. Usimchukue. Chumba kimoja, wewe uko jikoni kwa watu mchana kutwa, wanao shuleni, na mzee aliyezoea kivuli cha minazi yake afungiwe na feni na redio? Atadhoofika, na akishaondoka shamba litabaki na mama mdogo peke yake na wale wawili. Anataka kukaa kwake, na Katiba kifungu cha 57 inampa haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia yake. Msaidieni akae. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kiwe choo cha usiku, gogo la kushikilia kutoka mlangoni mpaka bafuni, kitanda kiinuliwe kidogo asihangaike kusimama. Na mama mdogo apate kupumzika. Mtafutieni msichana au kijana wa kulipwa kidogo kwa siku chache za wiki, achote maji na amgeuze mzee. Akianguka yeye, mpango wote umeanguka. Naye ana miaka 62. Akifika 70 akaandikishwe Inua Jamii kwa jina lake mwenyewe.

Sababu moja tu ingenifanya nikuambie umlete Mtwapa usiku huo huo: kama lile neno la uchawi litarudiwa, au mtu ataonekana akizunguka nyumba. Hapo msijadiliane. Mtoeni kwanza, mpigieni naibu chifu mkiwa njiani.

Najua unachojiuliza sasa ni kama kaka zako waambiwe. Waambiwe kwamba wosia upo na uko kwa wakili. Kilichomo ndani wasiambiwe, wala wewe usikijue, ili siku ukiulizwa uape bila kusita. Wakikasirika, naibu chifu awakalishe na baba mwenyewe aseme kwa mdomo wake kwamba shamba ni lake na bado hajafa. Na hati irudi kwake kikao hicho hicho, mbele ya mashahidi. Kaka asipoileta, mwende polisi mkaandikishe kwamba hati ya mzee inashikiliwa, kisha mpeleke nakala kwa msajili wa ardhi.